Mlima Upi, Kijana? Kilimanjaro ya Wengi au Rwenzori ya Wachache

Mpendwa kijana mwenzangu, somo letu la leo linahusu kuchagua. Safari hii hatuchagui kati ya dhambi na wema, maana hapo jibu linajulikana hata kama kulitekeleza ni kazi. Tunachagua kati ya jema na jema. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, na mara nyingine ndipo tunapogombana.

Nimeandikiwa na kijana mmoja, katibu wa kikundi cha vijana katika parokia yao. Kwa kifupi anasema hivi: "Kaka, sisi tuko tisa. Tumeweka akiba miaka miwili ili tupande mlima pamoja kabla hatujatawanyika, maana wengine wanaoa, wengine wanahamishwa kikazi. Sasa tumegawanyika. Watano wanataka Kilimanjaro. Wanne wanataka Rwenzori kule Uganda, wanasema Kilimanjaro imejaa watu, hutapata hata nafasi ya kusali. Imefika mahali kwenye jumuiya hatusalimiani vizuri. Tuchague upi?"

Nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka. Vijana tisa, akiba ya miaka miwili, na salamu zimeanza kupungua! Hiyo siyo habari ya mlima tena. Basi tukae chini, tuichambue taratibu. Kwanza milima yenyewe, halafu mioyo yetu.

1. Mlima wa wengi

Kilimanjaro hauhitaji kutambulishwa. Uhuru, kilele chake, kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mahali pa juu zaidi barani Afrika. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na watu wa Marangu hadi leo wanamkumbuka mzee wao Yohani Kinyala Lauwo kama kiongozi aliyewaonyesha njia. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha juu kule mwenge na bendera ya nchi iliyokuwa inapata uhuru. Kwa hiyo Mtanzania anayetamani kufika pale usimwambie anafuata mkumbo tu. Anafuata pia historia ya nyumbani kwao.

Njia inayojulikana zaidi ni ya Marangu. Ndiyo pekee yenye nyumba za kulala. Njia nyingine zote unalala kwenye hema. Unapita Mandara (mita 2,720), Horombo (mita 3,720), kisha Kibo (karibu mita 4,720), na usiku wa manane unaanza kukwea kuelekea Gilman's Point (mita 5,685) na baadaye Uhuru. Unarudi kwa njia ileile. Njia imechongwa vizuri, viongozi ni wengi, na tangu mwaka 2022 intaneti ya kasi imefika Horombo. Yaani unaweza kumpigia mama ukamwambia umekula.

Ubaya wake? Watu. Kila mwaka makumi ya maelfu wanaupanda mlima huu kupitia njia zake mbalimbali. Kwenye msimu wa kiangazi, Januari na Februari au Juni hadi Oktoba, usiku wa kilele unaweza kuona mstari wa taa za kichwani kuanzia chini hadi juu, kama maandamano ya mishumaa ya Mkesha wa Pasaka.

Lakini kuna ubaya wa pili ambao wengi hawauoni, na huo ndio wa hatari: urahisi wa Marangu unadanganya. Hebu piga hesabu. Kutoka Mandara hadi Horombo unapanda mita 1,000 kwa siku moja. Kutoka Horombo hadi Kibo, mita 1,000 nyingine. Kisha usiku huohuo, baada ya usingizi wa kuibia, mita karibu 1,175 hadi kileleni. Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Marangu inaruka kanuni hiyo mara mbili. Ndiyo maana watu wenye busara huongeza siku moja ya kukaa Horombo. Wanatembea hadi kwenye miamba yenye mistari kama pundamilia, wanarudi kulala palepale. Siku hiyo moja ya "kupoteza" ndiyo mara nyingi inayompa mtu kilele.

2. Mlima wa wachache

Rwenzori uko magharibi mwa Uganda, mpakani na Kongo. Siyo volkano kama Kilimanjaro. Ni bonge la miamba ya kale lililosukumwa juu na nguvu za ardhi. Ni safu yenye milima kadhaa: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kilele cha juu kabisa kinaitwa Margherita, kiko Mlima Stanley, mita 5,109. Ni cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alikifikia mwaka 1906 akakipa jina la malkia wao. Lakini Wakonzo waliishi kwenye miteremko ile miaka mingi kabla yake, na hadi leo wao ndio viongozi na wabebaji wa mizigo.

Njia ya zamani ya mzunguko inaanzia Nyakalengija, karibu na Kasese. Unalala Nyabitaba (karibu mita 2,650), John Matte (karibu mita 3,400), Bujuku (karibu mita 3,960), Elena (karibu mita 4,540), kisha Margherita. Unateremka kupitia maziwa ya Kitandara. Ipo pia njia ya Kilembe upande wa kusini. Jumla ni kama siku saba au nane, na unaweza kwenda siku nzima bila kukutana na kundi lingine.

Angalia hizo namba tena. Ukitoka John Matte, siku kwa siku unapanda mita 500 na kitu. Mwili unapata muda. Kwa upande wa hewa, Rwenzori ni mpole kuliko Marangu.

Lakini usishangilie bado. Rwenzori ni mlima wa maji. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Miezi yenye nafuu ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Kuna mabonde ya matope, hasa pale Bigo, ambapo viatu vyako vya bei mbaya havina maana na unavaa buti za mpira kama mtu anayekwenda kulima mpunga. Unakanyaga mizizi inayoteleza. Miti imefunikwa na ndevu za kijani, lobelia zimekuwa ndefu kuliko wewe, na ukungu unashuka saa nane mchana mpaka humwoni aliye mbele yako. Ni uzuri wa ajabu, kwa kweli. Ila ni uzuri wenye matope hadi magotini.

Na kileleni ni barafu. Kwenda Margherita unahitaji kufungwa kamba na wenzako, kuvaa meno ya chuma chini ya viatu na kushika shoka la barafu. Barafu yenyewe imepungua sana tangu 1906, na kupungua huko kumeacha nyufa na miamba mitupu inayofanya njia ibadilike. Siyo mahali pa kujifunzia peke yako. Tena mtu akiumia kule ndani, mawingu mara nyingi yanazuia helikopta. Anabebwa mabegani kwa watu, kwenye matope yaleyale, na inaweza kuchukua siku kadhaa.

Kwa hiyo unaona? Mlima mfupi kwa mita 786 unaweza kuwa mgumu zaidi. Na njia iliyojaa watu inaweza kukuumiza kuliko ya upweke. Macho pekee hayatoshi kuchagua.

3. Nilichojifunza mimi, na aliyelipa gharama

Nikuambie jambo ambalo sikupenda kulisimulia kwa muda mrefu.

Nilikuwa na miaka 23. Tulipanda kwa Marangu, kikundi cha marafiki sita, kwa mpango wa siku tano. Kiongozi wetu alitushauri tuongeze siku ya Horombo. Tulikataa. Unajua kwa nini? Hifadhi hulipwa kwa siku, na sisi tulitaka hela ibaki ya kushonesha fulana za picha. Mimi ndiye niliyepiga kelele zaidi.

Kichwa kilianza kuniuma Horombo. Sikusema. Kibo sikuweza kula hata uji. Kiongozi aliniuliza, nikajibu "safi tu". Nilikuwa nimeshawatangazia watu wote kanisani kwamba Jumapili nitaleta picha ya Uhuru. Usiku tulianza kupanda, na karibu na pango la Hans Meyer, kama mita 5,150, nikatapika mara mbili, kisha miguu ikaanza kuyumba kama mlevi. Kiongozi aliniambia nitembee kwenye mstari ulionyooka, nikashindwa. Akasema, "Wewe unashuka sasa hivi." Nililia kama mtoto. Nilimwambia maneno mabaya.

Msaidizi wake alinishika mkono tuteremke. Hapo rafiki yangu mmoja, mwenye nguvu kuliko sisi sote, ambaye kileleni angefika akiimba, akatoka kwenye mstari. Akasema, "Ninashuka naye. Ameogopa." Kiongozi akamwambia siyo lazima. Akajibu, "Najua."

Nilipofika Horombo kichwa kilikuwa kimeanza kupoa. Nikapona. Rafiki yangu hajawahi kurudi Kilimanjaro. Maisha yamembana, ana familia. Uhuru hajauona. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mimi niliuficha ugonjwa wangu kwa ajili ya picha, na yeye akakiacha kilele chake kwa ajili yangu.

Ninakuambia haya ili ujue kwamba chaguo la mlima haliishii kwenye ratiba. Kila kiburi unachopanda nacho, kuna mtu mwingine atakibeba wakati wa kushuka.

4. Je, upweke ni mtakatifu kuliko umati?

Sasa turudi kwa wale wanne wanaotaka Rwenzori kwa sababu ya ukimya. Hoja yao ni nzuri. Yesu mwenyewe alipenda mlima na mahali pasipo watu. Lakini soma Marko sura ya 6. Mitume wamechoka, Yesu anawaalika waende mahali pa faragha wapumzike. Wanapanda mashua, wanafika, na wanakuta nini? Umati umewatangulia! Ungekuwa wewe ungenuna. Yeye aliwaonea huruma akaanza kuwafundisha. Upweke aliutafuta kweli, na bado umati ulipomfuata hakuuona kuwa adui wa sala.

Soma pia habari za Elia katika 1 Wafalme sura ya 19. Alikwenda mbali sana, mpaka Horebu, akaingia pangoni. Mungu alimuuliza anafanya nini pale. Swali hilo linafaa kila mtu anayetamani mlima wa mbali: unakwenda kumtafuta Mungu, au unawakimbia watu? Baada ya ule upepo mwanana, Elia alirudishwa kazini, kwa watu walewale.

Na wale watano wa Kilimanjaro nao wasome Luka sura ya 9. Petro alipoona utukufu mlimani alitaka kujenga vibanda vitatu wakae palepale. Leo angetaka kupiga picha akaiweka mtandaoni kabla hajashuka! Lakini walishuka, na chini walimkuta baba mwenye mtoto mgonjwa anawasubiri.

Kwa hiyo kiburi kina nyuso mbili, jamani. Kipo cha kusema, "Nimefika pale ambapo kila mtu anapajua." Na kipo cha kusema, "Mimi siendi wanakokwenda watu wa kawaida." Cha pili kinajificha vizuri zaidi kwa sababu kimevaa rozari.

5. Namna ya kuchagua

Mtakatifu Ignasi wa Loyola alikuwa askari. Mwaka 1521 alijeruhiwa mguu huko Pamplona, akalazwa muda mrefu. Kitandani alikuwa na ndoto za aina mbili: za kuwa shujaa wa vita na kumpendeza mwanamke wa heshima, na za kuwaiga watakatifu. Zote zilimfurahisha. Lakini aligundua tofauti: za kwanza zikiisha zilimwacha mkavu, za pili zikiisha zilimwachia amani iliyobaki. Kutokana na hapo alikuja kufundisha namna ya kupambanua. Nimeyageuza mafundisho yake kuwa hatua tano kwa ajili ya wapanda mlima.

*Kwanza, legeza mkono.* Kabla ya kuchagua, kila mmoja aombe neema ya kuwa tayari kwa lolote. Kama huwezi kusema kwa dhati, "Hata upande ule mwingine ukishinda nitakwenda kwa furaha," basi hujawa tayari kupiga kura. Endelea kusali kwanza.

*Pili, hesabu gharama.* Yesu alizungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, akae kwanza ahesabu. Chukueni karatasi, mistari miwili. Andikeni siku, nauli, ada za hifadhi (wananchi wa Afrika Mashariki hulipa chini ya wageni wa mbali, lakini ulizeni hifadhi yenyewe), vifaa vya barafu, hati za kusafiria, na hali ya usalama mpakani kwa wakati huo. Msisahau fungu la dharura. Kama hela inatosha siku tano tu za Marangu, maana yake bado haijatosha. Subirini miezi mingine mpate ya siku ya sita.

*Tatu, anza na aliye dhaifu.* Kati ya tisa, nani ana pumu? Nani hajawahi kulala kwenye baridi? Mwende hospitali kabla ya kulipa chochote. Na hili ninalisema kwa herufi kubwa moyoni: kwetu Afrika Mashariki kuna ndugu wengi wenye selimundu. Mwenye ugonjwa huo asipande milima mirefu namna hii, na hata mwenye vinasaba vyake tu bila kuugua azungumze na daktari kwanza, kwa maana hewa pungufu inaweza kumletea madhara. Dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko nazo ni za kuandikiwa na daktari, siyo za kugawana kama peremende. Mlima unaomwacha mmoja nyuma kwa aibu siyo mlima wa kikundi.

*Nne, jiweke mahali pa mshauri.* Fikiria kijana usiyemjua, mwenye hali kama yako, amekuja kukuomba ushauri. Ungemwambia nini? Kisha jifikirie uko saa ya kufa, unaangalia nyuma. Ungependa uwe umechagua kwa sababu gani? Maswali haya mawili ni ya Ignasi mwenyewe, na yanasafisha macho kweli.

*Tano, sikiliza kinachobaki.* Siku tatu ishi kana kwamba mmechagua Kilimanjaro. Siku tatu nyingine, kana kwamba ni Rwenzori. Angalieni msisimko ukishapita kinabaki nini: utulivu au ukavu? Andikeni, kisha msikilizane bila kukatizana.

6. Jumapili je?

Hili wengi wanalisahau. Safari ya siku sita ukianza Jumatatu, Jumamosi umeshashuka, na Jumapili uko kanisani. Safari ya siku nane haikwepi Jumapili. Lakini ukipanga vizuri inawezekana: Jumapili Misa ya kwanza, halafu mnaanza kutembea, siku ya nane ni Jumapili tena, mkishuka mapema mnaweza kuwahi Misa ya jioni, kama ipo karibu. Kama haiwezekani, ongeeni na paroko kabla ya safari. Sheria ya Kanisa (kanuni 1245) inampa uwezo wa kuwaondolea wajibu huo kwa sababu ya haki, na kanuni 1248 inawashauri waliokosa Misa kwa sababu nzito wasali pamoja. Msijipe ruhusa wenyewe.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino aliyefariki 4 Julai 1925 akiwa na miaka 24, na kutangazwa mtakatifu 7 Septemba 2025, alipenda milima kupita kiasi. Lakini hakuuweka mlima mbele ya Misa, na mara chache alipanda peke yake. Alipanda na marafiki, wakisali na kutaniana njiani. Kwenye picha ya mwisho akiwa mlimani, ya Juni 1925, aliandika kwa mkono wake maneno mawili ya Kiitaliano yenye maana ya kuelekea juu. Na mji ulipokuja kumzika, waliojaa njiani walikuwa maskini aliokuwa akiwasaidia kimyakimya. Hapo ndipo juu alipokuwa anapaelekea.

7. Na wale wanaobeba

Neno fupi lakini zito. Kilimanjaro wabebaji wanajiita wagumu. Mzigo wa mmoja haupaswi kuzidi kilo 20, nao unapimwa. Huyo mgumu anayekupita mbio akiwa na begi lako kichwani ni kijana kama wewe, pengine ni mwanakwaya Marangu au Kasese. Kabla ya kuchagua kampuni, ulizeni: wabebaji wanalipwa kiasi gani? Wanakula mara ngapi? Wanalala wapi? Bei ikiwa rahisi mno, kuna mtu anailipia. Mtume Yakobo anasema ujira ulionyimwa wavunaji unapiga kelele mbele za Mungu. Usifike kileleni na kelele hiyo nyuma yako.

8. Jibu langu kwa wale tisa

Mmeniuliza tuchague upi, nisikimbie swali. Kama wengi wenu hamjawahi kuvuka mita 3,000, ninawashauri Kilimanjaro, siku sita kwa Marangu au zaidi kwa njia nyingine ndefu. Msaada uko karibu, na mtajua miili yenu. Ukimya mtaupata: kubalianeni saa moja kila asubuhi ya kutembea bila kuongea, simu zimezimwa. Utashangaa jinsi umati unavyotoweka mtu akinyamaza ndani.

Lakini kama hamu ya Rwenzori itabaki na amani yake baada ya hatua zile tano, basi nendeni bila kulazimisha Margherita. Mzunguko wa Bujuku na Kitandara bila barafu ni safari kamili. Tena mnaweza kupitia Namugongo kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, 3 Juni, maana Juni ndipo mvua inaanza kupungua kule juu. Karoli Lwanga na wenzake walikuwa vijana.

Vyovyote mtakavyochagua, wekeaneni agano moja kabla ya kuanza: *mmoja akisema kichwa kinamuuma, hakuna atakayemcheka, na mmoja akiambiwa ashuke, hatashuka peke yake.* Kichwa kikiuma, msipande zaidi. Akizidiwa, akakohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, au akayumba na kuchanganyikiwa, mshusheni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana.

Maswali ya kutafakari kikundini

1. Ni hamu gani ninayo sasa ambayo nikiitimiza inaniacha mkavu?
2. Nani katika kikundi chetu anaficha udhaifu wake kwa kuogopa kuchekwa? Nimechangia nini katika hofu hiyo?
3. Ni kilele gani niko tayari kukiacha kwa ajili ya mwenzangu?
4. Nani hanisalimii vizuri kwa sababu ya uchaguzi fulani, na nitaanza lini mimi?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyepanda mlimani kusali na ukashuka kuponya, utuongoze tunapochagua kati ya mema na mema. Utuondolee kiburi cha kuonekana na kiburi cha kujitenga. Utupe marafiki wa kushuka nao, na utufanye kuwa marafiki hao. Amina.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.
Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.

Na wewe katibu, jumuiya ya wiki hii anza wewe kumsalimu yule mliyepingana. Mlima utasubiri. Tumsifu Yesu Kristo!